Tiki za Bluu Zitanipa Presha

Jamani, simu hii itanitoa roho. Sijasukutua, ishalia: "Oya." Oya nini? Hana salamu, hana jina, hana shida aliyoitaja. Nauliza nani mwenzangu, ananirudishia alama ya kuuliza tupu. Hapa Ngamiani, Tanga, hata mbuzi akipita barazani hulia kwanza.

Na hizi tiki za bluu! WhatsApp walipozileta mwaka 2014 tulidhani urembo, kumbe upelelezi. Juzi niko soko la Mgandini, mkono mmoja nazi, mkono wa pili simu, muuzaji anataka hela yake. Shemeji kanitumia ujumbe, nikafungua haraka nione nani kafa. Sijafika hata Barabara ya 12, nishasemwa kwenye grupu la ukoo: "Amesoma, kanyamaza, jeuri huyo!" Sisi tuliochapwa shuleni kwa kutosoma, leo tunashtakiwa kwa kusoma.

Barua ilikuwa na adabu zake. Juu kulia S.L.P., tena si yako, ya shule, mtaa mzima mnapokelea hapo. Kisha tarehe. Kisha: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Ukurasa mzima salamu: bibi umsalimie, jirani umsalimie, yule aliyevunjika mguu naye umsalimie. Shida yenyewe imebanwa chini kabisa, herufi zimelala ubavu kwa kukosa nafasi: "naomba unisaidie ada." Na utamu wake uko hapa: mpaka barua itue Tanga, mwenyewe ada keshakopa kwingine! Unamjibu kwa masikitiko makubwa, hasara yako stempu tu. Siku hizi mtu anakuomba hela huku anakuona uko hewani.

Mwanangu kanionea huruma, kanionyesha programu inaitwa Slowly, ilitoka Hong Kong mwaka 2017. Unaandika barua, unabandika stempu ya humo humo kwenye simu, na haifiki papo hapo; inasafiri kwa kadiri ya umbali. Aliye karibu anaipata mapema, wa bara jingine anaweza kungoja siku nzima na zaidi. Nikasema alhamdulillahi, nimepona.

Wapi! Hao wa mbali hawanidai kitu. Wanaonidai wako Makorora na Chumbageni, na shemeji yuko Barabara ya 14. Kwa hesabu hizo chai haijaisha kwenye chupa, barua ishafika. Waliotengeneza nadhani hawana ukoo. Umbali ungepimwa kwa shida: salamu zifike leo leo, michango ya harusi izungukie Pangani kwa jahazi, tena ingoje kaskazi.

Nimemweleza mama watoto maoni yangu haya mazito. Akaniangalia, akaingia jikoni. Mara simu inalia, ni yeye, na mimi niko ukumbini: "Unga umeisha." Nishafungua, tiki zishageuka rangi.

Nikachana karatasi kwenye daftari la mtoto. S.L.P. Ukumbini, Tanga. Mke wangu mpenzi, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye huko jikoni. Nimekunja vizuri, nimempa mtoto apeleke.

Nimemwambia apitie Raskazone.