Paja la Krismasi na Nanasi la Kopo

Juzi nilialikwa kwenye chakula cha kufunga mwaka katika hoteli moja ya hapa Mbeya, ambayo sitaitaja kwa sababu wapishi wake ni watu wema na pilau yao haina kasoro. Katikati ya meza liliwekwa paja zima la nguruwe lililookwa, likapambwa kwa vipande vya mviringo vya nanasi la kopo, na katika tundu la kila kipande ilikaa cheri nyekundu, nayo ya kopo. Watu walipiga picha. Mimi niliwawaza akina mama wa njia panda ya Uyole, ambao msimu huu ndoo zao zimejaa plamu na mapichi yanayouzwa kwa bei ya kutupa, kwa maana yakilala siku mbili hayana mnunuzi tena.

Wasomaji wangu wasiokula nyama hii watanisamehe kwa leo.

Sipingi tunda juu ya nyama. Wapo wanaopinga, wakisema kwamba kuchanganya nyama na utamu ni mambo ya Wazungu, lakini hao hao kila Ijumaa jioni hukamulia kitimoto ndimu mpaka mbegu zidondoke sahanini, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba ndimu ni tunda. Nyama yenye mafuta mengi hutaka kitu kichachu pembeni yake; hilo ulimi wa Mbeya unalijua tangu zamani.

Ninachopinga ni kopo. Mwingereza huandalia nguruwe wake sosi ya tufaha kwa sababu tufaha ndilo lililokuwa likiiva shambani kwake majira ya kuchinja. Mmarekani alizoea nanasi kwa sababu James Dole alianzisha kampuni ya mananasi huko Hawaii mwaka 1901, akajaza makopo, na baada ya hapo matangazo yakafanya kazi yake. Kila mmoja alitumia kilichokuwa mkononi mwake, au alichouziwa na jirani. Sisi wa nyanda hizi, wenye plamu za Njombe na matufaha ya Makete, tumeiga kopo lao tukaacha busara yao. Nilipomuuliza msimamizi wa ukumbi sababu, alinijibu kwa upole kwamba wageni ndivyo wanavyopenda. Wageni gani, ndugu yangu? Meza ile ilikuwa na watu wa Rungwe, Mbozi na Makete, na aliyetoka mbali kuliko wote alikuwa shemeji wa Mafinga.

Tena kopo lenyewe halifai hata kwa ladha. Nanasi lile limelala katika maji ya sukari, likaachia ukali wake huko, hivyo linapokutana na mafuta ya nguruwe linaongeza uzito badala ya kuupunguza. Plamu ina uchachu unaodumu hata baada ya kupikwa, ganda lake linatoa rangi ambayo cheri ya kopo inaitafuta bila kuipata, na ikichemka hujitengenezea uzito wake, bila kuhitaji unga wowote. Chemsha plamu na tangawizi, pilipili kichaa moja na asali kidogo, chuja, kisha rudisha motoni hadi sosi ishike mwiko. Nyama ipakwe katika nusu saa ya mwisho tu, mara mbili au tatu, kwa kuwa sukari huungua upesi. Anayepaka tangu mwanzo atatoa paja jeusi kwa nje na lenye damu kwenye mfupa.

Na hapo naomba tuache mzaha. Nyanda zetu zina tegu wa nguruwe. Anayekula nyama isiyoiva yenye mabuu hupata tegu tumboni, kisha mayai ya tegu huyo, yakifika kwenye chakula kwa mikono isiyonawiwa, humpa yeye mwenyewe au watu wa nyumbani mwake mabuu ya ubongo, na kifafa huanzia hapo. Rangi nzuri ya sosi isimdanganye mtu. Penye mfupa pafike nyuzi 71, na asiye na kipimajoto aoke mpaka nyama iachane na mfupa bila kuvutwa. Wanaochemsha kwanza wakumbuke kwamba kwenye mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, kwa hiyo muda alioutaja mpishi wa Dar es Salaam haututoshi.

Kukosa ovena si kisingizio: sufuria nzito, mfuniko wa bati, makaa chini kidogo na juu mengi, kama tunavyopalia wali. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwezi wa Julai plamu hakuna na kopo lipo. Nakubali pia kwamba kitimoto cha kukaanga na ndizi hakina mpinzani siku za kawaida. Lakini Krismasi huangukia katika msimu wenyewe wa matunda haya. Kwa hiyo nenda buchani mapema, na useme neno “paja zima” kabla ya salamu, maana ukimaliza kumjulia hali muuzaji, panga litakuwa limeshapita mara tatu.