Mbichi sawa, ila si mapafu ya machinjioni

Ndugu mwandishi, katika makala yako unashauri mbwa warudishiwe nyama mbichi kwa kuwa ndicho chakula chao cha asili. Huku Mwanza wengi hawajawahi kukiacha! Pita machinjioni uone wanavyogombania maini na mapafu yaliyokataliwa na mkaguzi. Hatari iko hapo, na makala haikuigusa. Viungo hivyo vya ng'ombe, mbuzi au kondoo huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye vijitegu, yaani minyoo bapa wachanga. Mbwa akila, tegu wa milimita chache tu hukua kwenye utumbo wake, na mara nyingi haonyeshi dalili. Mayai hutoka na kinyesi, hunata kwenye manyoya, mtoto anamshika, kisha anakula ugali bila kunawa. Kwa binadamu uvimbe hukua kimya miaka mingi, kwenye ini au mapafu.

Kuchemsha kunaua vijitegu hivyo. Na msidanganyane kwamba kugandisha nyama kwenye friji kunatosha, bakteria wa salmonela hustahimili kugandishwa. Mbwa wangu nampa mapanki ya sangara (mabaki baada ya minofu kutolewa) kutoka soko la samaki la mwaloni Kirumba, nachemsha, natoa miiba (kazi hiyo, jamani!), nachanganya na dona. Dawa ya tegu ni prazikwanteli, kipimo muulizeni daktari wa mifugo.