Siku 17 za snuka: ndefu kwa nani?

Shemeji yangu ana meza mbili za pool chini ya mwembe, kando ya barabara. Unatumbukiza sarafu, mipira inamwagika, baada ya dakika kumi mmoja kashinda na anayefuata keshashika fimbo. Mei 2025 nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, macho kwenye simu, akaniuliza kunaendaje huko. Nikamwambia kwenye snuka, ndugu mkubwa wa pool, Zhao Xintong wa China anaongoza fremu, yaani michezo midogo inayounda mechi, 11 kwa 6.

"Bado wanacheza? Si jana uliniambia ni fainali?"

"Ni fainali, shemeji. Huchezwa siku mbili."

Akacheka mpaka akakohoa. "Huo si mchezo tena, shemeji. Hayo ni matanga."

Alichosema kwa mzaha, wengine wanakisema bila kucheka, na hukisema kila Aprili: ni marefu mno, yafupishwe. Mashindano ya dunia ya snuka, ambayo tangu 1977 huchezwa katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Uingereza, yana wachezaji 32 na huchukua siku 17. Raundi ya kwanza, mshindi ni wa kwanza kufikisha fremu 10. Raundi ya pili na robo fainali ni 13. Nusu fainali 17, fainali 18. Mechi moja ya nusu fainali hugawanywa vipindi vinne, hivyo mtu anaweza kuianza Alhamisi akaimaliza Jumamosi. Kwa aliyezoea mpira wa miguu, ambao hata penalti zikiingia hazikufikishi saa tatu, jambo hili linahitaji maelezo.

Wanaotaka yafupishwe si wajinga, na mimi siwaiti maadui wa mchezo. Wana mifano ya kutosha. Mwaka 2022 Mark Selby na Yan Bingtao walicheza fremu moja, moja tu, kwa dakika 85. Karibu mechi nzima ya mpira bila mapumziko, halafu ubao unaandika moja. Mwaka 2006 fainali ya Graeme Dott na Peter Ebdon iliisha saa 6:52 usiku kwa saa za kule. Kwetu ilikuwa inakaribia saa tisa, jogoo wa kwanza anajiandaa. Huyo huyo Ebdon, mwaka uliotangulia, alitumia zaidi ya dakika tano kukusanya pointi 12 dhidi ya Ronnie O'Sullivan, mtu ambaye mwaka 1997 alisafisha meza nzima, pointi 147, kwa dakika 5 na sekunde 8. Na urefu si dawa ya mechi mbovu. Fainali ya 1989 Steve Davis alimpiga John Parrott 18 kwa 3, kipindi cha mwisho hakikuhitajika. Nusu fainali ya 2025 Zhao Xintong alimtoa O'Sullivan 17 kwa 7, kipindi cha nne nacho kikabaki bila kazi.

Tena urefu wenyewe haukushuka na wahyi. Mwaka 1946 Joe Davis alitwaa ubingwa kwa fremu 78 kwa 67. Fainali ya kwanza ya Crucible iliisha 25 kwa 21. Ilipofika 1980 ikakatwa hadi 18, na snuka haikufa, ilinenepa. Mashindano ya UK Championship nayo yalipunguzwa mwaka 2011, raundi za kabla ya nusu fainali zikatoka fremu 9 za ushindi hadi 6, na watu bado wanayatazama. Kuna hata Shoot Out, ambako mechi ni fremu moja ya dakika kumi, kila pigo lina sekunde 15, na dakika tano za mwisho sekunde 10. Shemeji angeipenda hiyo.

Sisi tunaotetea mechi ndefu tuna jibu letu la haraka, na jibu hilo ndilo ninalotaka kulivunja kwanza kabla mtu mwingine hajatuvunjia. Tunasema: mechi ndefu humtafuta aliye bora, fupi humbeba mwenye bahati. Nimelisema hilo miaka mingi kwa kujiamini kabisa, mpaka siku moja nikakaa na karatasi. Chukua wachezaji wawili, mmoja bora kidogo, tuseme katika kila fremu ana nafasi 55 kwa 100. Mechi ya kufikisha fremu 4, kama zile za raundi za mwanzo za mashindano madogo, ataishinda mara 61 katika kila 100. Ya kufikisha 10, mara 67. Ya kufikisha 18, siku mbili nzima, vipindi vinne, mara 72. Basi. Tumekaa siku mbili tukimtafuta bora kwa tochi, na mnyonge bado anaondoka na kombe zaidi ya mara moja katika kila nne. Ukiwa mkali utasema gharama yote hiyo imenunua pointi 11 za haki. Nimezigeuza hesabu hizo mara nyingi, nikabadilisha 55 kuwa 53, nikajaribu 58. Namba zinapanda na kushuka, ila hazitoi ule mlima tunaoutangaza.

Kwa hiyo hoja ya haki ni nyembamba. Anayeishikilia peke yake atashindwa kikaoni, na mashindano yatafupishwa mbele ya macho yake. Lakini mimi sidhani kama ndiyo sababu iliyotufanya tuyapende.

Rudi kwenye ile fainali ya 1985, ambayo hata asiyejua rangi za mipira ameisikia. Steve Davis, bingwa aliyekuwa akiogopwa, alianza kwa kuongoza 8 kwa 0. Dennis Taylor, mtu wa Ireland ya Kaskazini mwenye miwani mikubwa kama madirisha, akajikokota, na siku ya kwanza ikafungwa 9 kwa 7 kwa faida ya Davis. Simama hapo. Kama fainali ingekuwa ya kufikisha 9, Davis angekabidhiwa kombe usiku ule, watu wangepiga makofi ya adabu, na leo tungehitaji kuchimba kwenye kumbukumbu kumjua aliyeshindwa. Badala yake walikwenda kulala. Wakarudi kesho yake, wakafika 17 kwa 17, na fremu ya mwisho ikachukua dakika 68. Davis alikuwa mbele 62 kwa 44, mezani imebaki mipira minne: kahawia, buluu, pinki na mweusi. Jumla yake ni pointi 22. Taylor alihitaji yote minne, bila hata mmoja kukosekana. Akatumbukiza kahawia, akatumbukiza buluu, akatumbukiza pinki: 62 kwa 59. Mweusi ndio ukawa ubingwa. Wakaukosa kwa zamu, Davis akapata pigo jembamba la kuukata kuelekea shimo la kona, akaukosa, na Taylor akaumaliza. Uingereza watu milioni 18.5 walikuwa macho baada ya saa sita usiku wakiangalia mpira mmoja mweusi. Katika fainali nzima, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Taylor kuwa mbele.

Mtu ambaye hakuwahi kuongoza mechi tangu pigo la kwanza hadi la mwisho kasoro moja. Hilo ndilo urefu unaloliruhusu. Kumthibitisha bora huweza kidogo tu. Kumpa aliye nyuma muda wa kuwa mtu mwingine huweza sana.

Mfano wa karibuni unanisumbua zaidi kwa sababu niliufuatilia kipindi kwa kipindi. Luca Brecel wa Ubelgiji, kabla ya 2023, hakuwa ameshinda hata mechi moja Crucible. Mwaka 2019 alitolewa raundi ya kwanza kwa fremu ya mwisho iliyochukua dakika 79. Nusu fainali ya 2023 alikutana na kijana wa Kichina, Si Jiahui. Kipindi cha kwanza kikaisha 5 kwa 3 kwa Si. Cha pili, 11 kwa 5. Katika cha tatu ikafika 14 kwa 5, nami nikazima simu. Nakiri, niliona bando linaungua bure. Asubuhi nikakuta 14 kwa 10. Siku hiyo Brecel aliendelea mpaka akawa amechukua fremu 11 mfululizo, na mechi ikaisha 17 kwa 15. Hakuna aliyewahi kutoka nyuma kiasi hicho Crucible akashinda. Siku chache baadaye alimfunga Selby 18 kwa 15 akawa bingwa wa kwanza kutoka bara la Ulaya nje ya visiwa vya Uingereza na Ireland. Ile nusu fainali ingekuwa ya kufikisha 10, ingekwisha katika kipindi cha pili, Brecel angepanda gari kwenda kwao, na hakuna hata mmoja ambaye angesema ameonewa.

Sasa nisichague mifano inayonifaa tu. Upande wa pili wa sarafu hii kuna Jimmy White. Amefika fainali sita za dunia, kashindwa zote sita. Mwaka 1992 alilala akiongoza 10 kwa 6 dhidi ya Stephen Hendry, akafika hadi 14 kwa 8, halafu Hendry akachukua fremu kumi mfululizo: 18 kwa 14. Kwa mechi ya kufikisha 10, White ni bingwa wa dunia, na mchezaji aliyependwa kuliko karibu wote wa kizazi chake hafi na kiu kandokando ya mto. Kila nikisifu muda aliopewa Taylor, White anakuja kusimama mlangoni. Sina jibu la kumridhisha shabiki wake. Ninachoweza kusema ni kwamba hata yeye anakumbukwa kwa sababu ya siku ya pili, ile ambayo wafupishaji wanataka kuifuta.

Kuna jambo jingine ambalo naona halieleweki kabisa, nalo ndilo shemeji alilolicheka. Watu hudhani kufuatilia siku 17 maana yake ni kutazama siku 17. Nani ana muda huo? Kwa saa zetu kipindi cha asubuhi huanza saa sita mchana, cha mchana saa kumi na nusu, cha usiku saa tatu. Cha kwanza nipo kazini. Cha pili nipo njiani. Cha tatu umeme ukiwepo na watoto wakilala natazama fremu mbili tatu. Kilichobaki ni tarakimu kwenye simu: 6 kwa 6, ukienda kununua mkaa ukirudi ni 7 kwa 6, na katika ule mstari mwembamba wa namba unajenga mwenyewe kilichotokea. Mashindano haya huangukia wakati wa masika, nami huyafuata hivyo hivyo. Hakuna anayekaa dirishani akiikodolea macho mvua ya mwezi mzima, na hakuna anayelalamika kwamba masika ni marefu kuyatazama. Asubuhi unauliza tu jana imenyesha kiasi gani.

Ukifupisha yote yaishe katika jioni moja moja, umenidai jioni. Aidha nipo au sipo. Mechi inayolala na kuamka inanisubiri. Kwa shabiki wa mbali, ambaye hana tiketi wala mzungumzaji wa kumsimulia kwa lugha yake, urefu ndio mlango wake wa kuingilia. Wanaopanga mabadiliko wakihesabu dakika za watazamaji mbele ya runinga, mtu kama mimi simo kwenye daftari lao.

Hata hivyo kuna mahali ningekubali kukaa nao meza moja. Nusu fainali hadi 1996 ilikuwa ya kufikisha 16, ikaongezwa hadi 17. Irudishwe, sitaandamana. Raundi ya kwanza ya fremu 10 sijui kama ikiwa 9 kuna atakayelia, maana nayo ina usiku wake wa kulala katikati. Na fainali kuisha usiku wa manane ni tatizo la ratiba tu: anzeni mapema, acheni fremu zilivyo. Ila zile 18 za siku mbili, na usiku mmoja katikati ambao mtu analala na 9 kwa 7 kichwani, hapo kisu kisiguse.

Jioni ile ya Mei 2025 nilirudi chini ya mwembe. Kipindi cha tatu kilikuwa kimeisha 17 kwa 8; Zhao alihitaji fremu moja tu awe bingwa wa kwanza kutoka Asia. Shemeji akachungulia simu yangu. "Imeisha hiyo."

"Subiri, shemeji. Mchezo huu una mambo."

Mark Williams, mwenye miaka 50, mzee kuliko yeyote aliyewahi kucheza fainali hiyo, akachukua fremu. Akachukua ya pili. Shemeji akasogeza kiti. Ya tatu. Ilipofika ya nne, 17 kwa 12, wateja wawili walikuwa wanamwita wakitaka chenji ya sarafu na yeye hawasikii.

Kisha Zhao akamaliza. 18 kwa 12.

"Nilikwambia imeisha," akasema, akainuka kwenda kutafuta chenji.