Tretiak hakustahili kuwekwa benchi
Mwandishi wa uhakiki wa filamu ya hali halisi kuhusu mechi ya hoki ya barafu kati ya Marekani na Wasovieti anaieleza filamu hiyo kana kwamba ushindi wa 4–3 dhidi ya Wasovieti, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi pale Lake Placid, Marekani, tarehe 22 Februari 1980, ndio uliowapa vijana wa Marekani dhahabu, ilhali iliwabidi waifunge Finland 4–2 siku mbili baadaye. Kwangu mimi mechi iligeuka sekunde ya mwisho ya kipindi cha kwanza, pale kipa wa Wasovieti, Tretiak, alipotema shuti la mbali, Mmarekani Mark Johnson akauwahi mpira (kisahani, kwa kweli) na kusawazisha. Kocha wa Wasovieti, Tikhonov, kwa hasira nadhani, akamtoa Tretiak, kipa ambaye siku 13 kabla kikosi chake kiliwachapa Wamarekani haohao 10–3.