Tusimvue Columbus taji tukamvike Leif

Ukizuka mjadala wa nani alifika Amerika kwanza, siku hizi wengi humweka kando Columbus na 1492 yake, wakamtaja Leif Eriksson, mmoja wa Waviking, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya. Kwa upande wa ushahidi wako sawa kabisa. Waviking walifika.

Mwaka 1960, katika kijiji cha L'Anse aux Meadows, kaskazini mwa kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, mwenyeji aitwaye George Decker alimwonyesha Mnorwei Helge Ingstad matuta yaliyoota nyasi. Anne Stine Ingstad, mke wa Helge na mwanaakiolojia (sifa nyingi humwendea mumewe, jambo linaloniudhi), akaongoza uchimbaji. Yakaibuka mabaki ya nyumba nane, mahali pa kuyeyushia chuma, na pini ya kufungia joho. Kisha mwaka 2021 watafiti wakatangaza jambo linalonisisimua hadi leo: dhoruba ya jua (mlipuko wa chembe za nishati kutoka kwenye jua) ya mwaka 993 iliacha alama kwenye pete za miti, ambazo huongezeka moja kila mwaka, nao wakahesabu pete kuanzia hapo hadi kwenye gome la vipande vya mbao vilivyokatwa kwa chuma. Miti ile iliangushwa mwaka 1021.

Ninachokataa ni kumpa Leif cheo cha mgunduzi. Saga ya Wagreenland, simulizi ya Waviking wenyewe, inasema Bjarni Herjólfsson aliiona pwani ile kabla yake, alipopotezwa njia na upepo, ila hakushuka. Saga hiyohiyo inasimulia kwamba Thorvald, nduguye Leif, na wenzake waliwakuta wenyeji tisa chini ya mitumbwi mitatu ya ngozi. Wakawaua wanane. Wa tisa akaponyoka, watu wake wakaja kwa wingi, na Thorvald akafa kwa mshale.

Anayeisoma habari hiyo bado akauliza nani alifika kwanza, anawaruka wanane wale. Kule White Sands, New Mexico, kuna nyayo za binadamu zinazokadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya 21,000 na 23,000. Leif alikuja juzi tu.

Basi vitabu vya shule vimtaje Leif miongoni mwa Wazungu wa kwanza kufika Amerika, na ukurasa huohuo uwataje wenyeji waliowakuta, pamoja na mauaji yale.