Kiputo kimoja tu, asubuhi yote imeharibika

Hii kero ya lenzi za sklera, zile lenzi kubwa za kuvaa jichoni zinazoegemea sehemu nyeupe ya jicho, leo naisema. Konea zangu, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, zimechongoka kama pia, miwani haifui dafu, kwa hiyo nashukuru lenzi hizi zipo. Lakini kuzivaa! Unainama mpaka uso unatazama sakafu, lenzi imejaa maji ya chumvi hadi ukingoni, unaipandisha taratibu huku kope umezishikilia kwa vidole. Ukipepesa tu, maji yanamwagika, hewa inaingia. Kiputo kikibaki ndani, huoni vizuri: toa, jaza upya, anza tena. Nje bodaboda anapiga honi.

Na hayo maji yenyewe! Hayatakiwi kuwa na dawa ya kuhifadhi, maana yanakaa juu ya konea kutwa nzima. Zunguka maduka ya dawa ya hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, uone. Unapewa matone ya kawaida, unaambiwa, "Yote sawa tu, dada." Si sawa! Mwingine kanishauri nisuuze kwa maji ya bomba, wakati maji ya bomba yanaweza kuwa na amiba wanaoshambulia konea. Jamani, kama hujui, niambie hujui, niende duka lingine.