Usiniambie rangi, niambie fundi

Shemeji alinipigia simu Jumapili asubuhi kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuamua na sasa anatafuta shahidi tu. Amepata Datsun 240Z ya mwaka 1972, imefufuliwa yote, iko Bunga, hapa Kampala, kwa bwana mmoja anayetaka kuhama nchi. Bei milioni 110. "Njoo tu uitazame, shemeji. Mimi sina haraka."

Mtu asiye na haraka hapigi simu saa moja asubuhi ya Jumapili.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Ni mhasibu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, niliyekulia kwenye kota za Nsambya, ambako Kiswahili ndicho kilichotukutanisha watoto wa kila kabila uani. Magari ya zamani ni ugonjwa wangu wa miaka mingi, na umenila pesa ambazo mke wangu hadi leo hajui jumla yake. Kwa hiyo soma haya kama maneno ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

Kwanza gari lenyewe. Kuna watakaoshangaa Datsun yenye zaidi ya miaka hamsini kuulizwa bei ya Prado. Lakini kwa watu wa huku kwetu 240Z haikuwa gari la picha za Japani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Alihamia Kenya mwaka 1972, mwaka ule Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, na miezi michache baadaye akashinda Safari yake ya kwanza kati ya tano. Katika Safari hiyo yeye na Harry Källström, aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine, walimaliza wakiwa sare kabisa, ikabidi kanuni ndiyo iwatenganishe. Baba yangu alikuwa akilisimulia jambo hilo kama vile alikuwa amekaa kiti cha nyuma. 240Z haina kiti cha nyuma, lakini nani angethubutu kumkatiza?

Sasa, historia hiyo ndiyo chambo. Kila 240Z utakayoonyeshwa Kampala ina hadithi yake. Ama ilikimbia Safari, ama iliachwa na Mhindi mwaka 1972 ikafichwa kwenye ghala Jinja hadi amani iliporudi. Mwenye gari wa Bunga alituanzia na hiyo ya pili hata kabla hatujafunga geti. Hadithi tamu, na huenda ni kweli. Nikaomba karatasi. Logibuku, yaani kitabu cha umiliki wa gari, inaanza mwaka 2009, na kabla ya hapo ni ukungu mtupu. Mimi hadithi isiyo na karatasi naisikiliza kwa adabu, kisha naihesabu sifuri. Ukinunua hadithi leo, kesho utalazimika kumpata mtu mwingine wa kuiamini kwa bei ileile.

Wauzaji wana kiburi kingine pia, na hiki kina msingi. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Huwezi kusema basi, nitaagiza langu Japani. Unachagua kati ya machache yaliyokwisha kuwa humu, na mwenye nalo analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Basi bwana akaondoa turubai.

Sitadanganya, lilikuwa zuri. Rangi ya chungwa, ile boneti ndefu, kioo cha nyuma kimelala kama mgongo wa samaki. Shemeji alinyamaza, na shemeji si mtu wa kunyamaza. Mwenye gari akasema maneno ambayo yangepaswa kumtisha kila mnunuzi: "Kila kitu humu ni kipya."

Kwa nini yananitisha? Mwaka 2011 nilinunua Toyota Celica ya mwaka 1974 niliyoambiwa hivyohivyo. Nyekundu, ya kumetameta, imetoka kwenye gereji moja ya mjini niliyoiamini kwa sababu ukuta wake ulikuwa msafi. Miezi minane baadaye, msimu wa mvua, nikaingia shimo njia ya Entebbe. Nikasikia kitu kimeanguka. Nilidhani ni kikombe cha gurudumu. Kumbe ni kipande cha gari lenyewe: bamba la pati, ile plasta ya kujazia mashimo ya bodi, unene wa kidole, lenye rangi nyekundu upande mmoja na kutu upande wa pili. Bodi niliyokuwa nikiipiga nta kila Jumamosi ilikuwa plasta. Wahenga walikwisha kusema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nililipia mkakasi, na hata kipande cha mti sikupata.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao marafiki wengi wananibishia. Gari lililofufuliwa hulinunui gari. Unanunua mkono wa mtu: saa alizokaa chini yake, na yale aliyoyaacha kwa sababu tajiri wake aliishiwa. Rangi haikuonyeshi chochote kati ya hayo, maana kazi ya rangi ni kufunika. Ndiyo maana ningelipa zaidi kwa gari lililochakaa wazi, lenye kutu ninayoiona kwa macho, kuliko kwa linalong'aa ambalo hakuna anayejua nani alilitengeneza. Kutu ya wazi inapigiwa hesabu. Iliyofunikwa hulipii ila siku ikijionyesha.

Na 240Z ni bingwa wa kutu. Bati lake ni jembamba, kinga yake ya kiwandani ilikuwa hafifu, na halina chesi ya pekee kama pikapu. Bodi ndiyo chesi. Chini ya sakafu zinapita reli mbili zilizochomelewa humohumo, na zikioza gari linapinda kama mkoba wa ngozi, hata kama juu linang'aa. Tope letu jekundu nalo lina tabia yake. Linaingia kwenye matao ya magurudumu, linakaa pale na unyevu wake wiki nzima baada ya mvua kukatika, na bati linaliwa kutokea ndani kuja nje. Ukiona kipele kidogo juu ya rangi, upande wa ndani ni jipu.

Kwa hiyo nililala chini. Nilikwenda na gunia, tochi na sumaku ndogo niliyoishonea kitambaa ili isichubue rangi ya watu. Sumaku hushika bati, haishiki pati. Sumaku ilishika vizuri milangoni na kwenye boneti. Nyuma ya mlango wa kulia, pale bati linaposhuka kabla ya gurudumu, ikateleza. Nikairudisha, ikateleza tena. Upande wa kushoto, palepale, ikashika kama mtoto kwa mama yake. Nikaangalia chini ya betri, mahali ambapo asidi hudondoka miaka nenda rudi, pakawa safi, bati jipya, mshono wa kuchomelea umenyooka. Nikaomba kuinua kapeti. Upande wa kushoto, ruhusa. Upande wa kulia, bwana akasema gundi bado mbichi.

Gundi mbichi kwenye gari ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, lilimalizwa mwaka jana.

Namba ya chesi imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ilianza na HS30, kama inavyotakiwa kwa gari la usukani wa kulia. Ingekuwa HLS30, ningejua lilizaliwa na usukani wa kushoto likageuzwa baadaye, na hapo maswali yangekuwa mengine kabisa. Injini ndiyo iliyotuletea mjadala. 240Z ilitoka kiwandani na L24, silinda sita kwa mstari, ujazo wa cc 2,393. Bloku niliyoiona imeandikwa L28. Hiyo ni ndugu yake mkubwa, aliyewekwa pia kwenye Patrol za zamani. "Ina nguvu zaidi!" bwana akasema, na hakukosea. Kwa mtu wa kuendesha tu ni badiliko zuri, mimi mwenyewe ningelifurahia. Lakini huwezi kuniuzia gari la historia kwa bei ya historia wakati moyo wake umetolewa. Au ushushe bei, au uniletee ile L24, hata ikiwa imekufa, ije ndani ya sanduku.

Vinginevyo injini hainisumbui sana. Watu huanzia hapo, wanataka kusikia mngurumo, na kumbe ndiyo sehemu nyepesi. Hizi injini za L ni ngumu, na fundi yeyote mzuri wa Kisekka, soko letu la vipuri, anaweza kuifungua na kuifunga. Tuliipima kompresheni, silinda zote sita zikawa karibu sawa, basi nikaendelea. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi. Kabureta mbili zilizopimwa kwa hewa ya pwani zikipandishwa Kampala, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, humwaga petroli kupita kiasi. Ni kazi ya mchana mmoja.

Tuliliendesha hadi Ggaba na kurudi. Gia ya pili inakwaruza ukiiingiza kwa haraka, hiyo ni giaboksi kuanza kuchoka. Breki zinavuta kushoto kidogo. Na ndani kulikuwa na harufu ya moshi wa ekzosi, jambo linalosema kwamba mipira ya mlango wa nyuma imekufa na moshi unavutwa ndani. Ni mpira tu, utasema. Ndiyo, lakini mtu aliyepaka rangi gari zima bila kubadilisha mpira alikuwa akitengenezea kamera. Na usidhani vipuri ni shida tupu: 240Z nyingi ziliuzwa Marekani, kwa hiyo vingi vinatoka huko. Ila dashibodi ya Marekani ni ya usukani wa kushoto. Ya kwetu ikipasuka utaitafuta Uingereza, Australia au Afrika Kusini, na utalipa kama mtu aliyepotea njia.

Tuliporudi nikauliza swali ambalo siku hizi naona ndilo la maana kuliko sumaku na tochi. "Bwana, fundi wako ni nani?"

Akasema amesahau. Kisha akasema walikuwa wengi. Shemeji akaanza kunitazama kwa jicho la kuniomba nisiharibu mambo. Nikasema polepole kwamba bila fundi sisi tunarudi nyumbani, nikaanza kukunja gunia langu. Akatoa namba. Fundi yuko Katwe.

Tulikwenda Jumanne. Mzee wa makamo, mikono kama magome ya mti, banda lake limebanana kati ya wanaotengeneza majiko na wanaotengeneza mashine za kukoboa mahindi. Tulimwamkia, tukaagiza chai na rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, hatukutaja gari hadi chai iishe. Nilipotaja ile Datsun ya rangi ya chungwa, akacheka kwa huzuni kidogo.

"Ile kazi haijaisha, ssebo."

Akaingia nyuma ya banda akatoka na vipande vya sakafu ya kushoto alivyovikata, vimetoboka kama chujio. Alikuwa amevihifadhi. Alikuwa pia na picha kwenye simu: sakafu wazi, reli mpya aliyoikunja mwenyewe, mshono baada ya mshono, kabla ya rangi kugusa kitu. Kazi ya mtu anayejiheshimu. Upande wa kulia, alisema, tajiri alimwambia pesa zimekwisha, afunike tu. Akafunika. Bati juu ya bati lililooza, pati juu yake, rangi juu ya yote. "Nilimwambia itarudi. Alisema yeye hatakuwepo ikirudi."

Sijakutana na muuzaji aliyewahi kunipa maelezo bora ya gari kuliko dakika zile kumi. Nusu ya gari ni kazi nzuri sana, nusu ni kiraka, na sasa tunajua ni nusu ipi. Mzee alikadiria milioni 9 kufanya upande wa kulia kama wa kushoto, ikiwa reli ya kulia bado ina uhai. Nikaongeza giaboksi, breki, mipira, nikatoa kitu kwa ajili ya L24 iliyopotea, nikabakiza akiba kidogo kwa yale ambayo hata mzee hajayaona. Hesabu yangu ilisimama kwenye milioni 80. Shemeji aliniita mchawi, kisha akampelekea bwana ofa ya 75.

Bwana alikasirika. Alitaka kujua nani ametuambia mambo ya sakafu. Hatukumwambia, ingawa nadhani anajua.

Wiki mbili kimya. Jana amepiga simu, anasema 88 na neno la mwisho. Shemeji ananiuliza nasemaje. Nimemwambia namba yangu bado ni 80, na kabla ya kulipa hata shilingi moja gari lipelekwe Katwe, kapeti la kulia litoke na kile kiraka kibanduliwe mbele yetu sote. Bei bwana amesema ataifikiria. Kuhusu kiraka bado hajajibu.